Mshumaa unaochimba kisima: maswali yenu ya wiki hii

Shikamoo mama. Natengeneza mishumaa ya kupamba meza za harusi. Ikiwaka inachimba kisima katikati, nta ya pembeni inabaki vilevile. Nimebadilisha nta mara mbili. (Nkuhungu, Dodoma)

Marahaba mwanangu. Nta unaionea bure, kosa liko kwenye utambi. Wengi wenu mnahangaika na rangi na manukato, halafu utambi mnaokota uzi wowote uliobaki kwa fundi cherehani. Uzi wa nailoni haunyonyi nta, unayeyuka tu. Tafuta uzi wa pamba tupu, suka nyuzi tatu kama unavyosuka nywele, chovya kwenye nta ya moto, nyoosha, uache ukauke.

Kisha fanya jaribio. Chukua makopo matatu yanayolingana, utambi mwembamba, wa kati na mnene, uwashe yote saa moja jioni. Ikifika saa tatu au saa nne, kagua. Ule ambao nta imeyeyuka mpaka ukingoni bila masizi ndio wako. Unaofuka moshi mweusi, utambi wake mnene mno. Na mshumaa mpya usiuzime kabla dimbwi la nta halijafika ukingoni, la sivyo ukiuwasha tena utaendelea kuchimba palepale.

Nimetia rangi ya keki, imezama chini vidonge vidonge. (Chang'ombe)

Rangi hiyo ni ya maji, nta ni jamii ya mafuta, hazipatani hata ukoroge mpaka kesho. Kalamu za nta za watoto nazo huziba utambi. Nunua rangi ya mishumaa yenyewe. Ukiikosa, acha mshumaa mweupe na upambe glasi kwa nje. Mimi nafunga ukili, ule msuko wa kushonea mikeka, chini kabisa, mbali na moto, na wateja wanaupenda kuliko hizo rangi.

Shemeji kaniletea nta ya nyuki kutoka Manyoni. Nyeusi, ina takataka na nyuki waliokufa. Inafaa? (Kisasa)

Umepata mali, wewe! Iweke kwenye sufuria ya stenlesi pamoja na maji. Ya chuma au shaba huzidi kuipaka weusi. Maji yawe ya mvua, kama ulikinga. Haya yetu ya kisima yenye chumvi huifanya nta iwe kama uji wa sabuni, nami nilipoteza kilo nzima hivyo. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo maji hayana haja ya kutokota. Chuja kwa kitambaa, acha ipoe polepole usiku kucha. Asubuhi utakuta sahani ya njano imeelea, uchafu umeganda chini yake, ukwangue kwa kisu. Rudia mara mbili. Nta hii ni nzito kupanda kwenye utambi, hivyo utambi uwe mnene kuliko wa nta ya parafini, ile ya kawaida ya dukani. Manukato usitie, harufu ya asali inatosha.

Nayeyushia kwenye jiko la mkaa. Juzi sufuria ilishika moto. (Ipagala)

Pole sana. Nta isikae juu ya moto moja kwa moja. Iweke kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji. Ikiwaka, funika kwa mfuniko na uondoe jikoni ikishazimika. Usimwagie maji kabisa! Yanageuka mvuke ghafla na kurusha nta inayowaka usoni.

Mishumaa yangu inabonyea katikati na kupasuka juu. (Kongwa)

Nta husinyaa ikipoa. Ikianza kuganda, toboa kwa kijiti kando ya utambi, kisha mimina nta kidogo tena. Nyufa ni za kupoa haraka: huu upepo wetu wa Julai, na nyie mnaianika barazani. Iingize ndani, funika kwa boksi, uikute kesho.