Waturuki "waliteka" Azov halafu wakashindwa, inakuwaje?

Ndugu yetu mmoja kauliza: kasoma mahali kwamba mwaka 1641 "Waturuki waliteka ngome ya Azov miezi mitatu, wakashindwa wakaondoka", sasa kama waliteka walishindwaje?

Umeuliza vizuri, mkuu, na kosa si lako ni la aliyeandika. Kuteka ni mpaka uingie ndani na kitu kiwe mkononi mwako. Ukiwa bado nje umewazunguka watu, hakuna kutoka hakuna kuingia, huko ni kuzingira, na wazee wa pwani wanasema kuhusuru, neno tamu sana sijui kwa nini tumelitelekeza.

Azov iko karibu na mdomo wa mto Don, kusini mwa Urusi ya leo, na ilikuwa ya Waturuki wa dola ya Osmani. Mwaka 1637 Wakosaki wa Don (wapiganaji huru wa huko mtoni, upande wa Urusi) wakaizingira kama miezi miwili, wakachimba chini ya ukuta wakajaza baruti wakalipua wakaingia, hapo ndo WALIITEKA. Ila ungeandika "Wakosaki waliteka Azov miezi miwili" msomaji angeelewa waliikalia miezi miwili, wakati waliikalia miaka mitano! 1641 jeshi la sultani Ibrahim likaja na mizinga likaihusuru toka Juni mpaka Septemba, ndani kuna Wakosaki elfu tano hivi na wanawake kama 800 nao wanapigana, likashindwa likaondoa mzingiro. Kwa hiyo "waliizingira", basi.

Sasa kuna mtego mwingine. 1642 Waturuki wakawa nayo tena, na watu wanaandika "waliiteka tena". Hapana. Wakosaki walimpa tsar (mfalme wa Urusi) Mikhail hiyo ngome, akaitisha baraza Moscow akaona vita na sultani haviwezi, akawaambia tokeni, nao wakaibomoa ndo wakatoka. Anayekuta magofu matupu hajateka kitu, andika "waliirudia" au "waliichukua tena".

Kuteka kwenyewe kwa kweli ni 1696, tsar Peter Mkuu, baada ya kuihusuru mwaka uliotangulia akatoka kapa. Mwaka huohuo 1696 Waomani ndo wanaanza kuihusuru Ngome ya Yesu pale Mombasa, wakaja kuiteka Desemba 1698, yaani karibu miaka mitatu ni kuhusuru tu, kuteka ni siku moja.


Na ile "ametekwa" ya watu kupotea mitaani ni teka hiyohiyo, mtu kawa mkononi mwa mwingine. Ya kuteka maji ndo nyingine kabisa, usizichanganye.