Maji ya mabwawa ya majitaka: nyanya sawa, mchicha hapana

SWALI: Nina robo eka chini ya mabwawa ya majitaka, Ilemela, Mwanza. Kisima changu hukauka kila kiangazi. Maji yanayotoka bwawa la mwisho hayanuki, ni ya kijani tu. Naweza kumwagilia mchicha na nyanya?
*Mkulima, Ilemela*

JIBU: Nyanya unaweza, kwa masharti. Mchicha achana nao.

Kutonuka si kipimo. Ule ukijani kwa kawaida ni mwani. Kinachodhuru hakionekani: bakteria wa kuhara na mayai ya minyoo. Kwa hiyo unapoomba ruhusa kwa mamlaka inayoendesha mabwawa, omba na majibu ya maabara. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 ulitaka mayai ya minyoo yasizidi 1 kwa lita, na kwa mazao yanayoliwa mabichi, bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 kwa mililita 100. Hakuna majibu, hakuna kumwagilia.

Mchicha tunaukataa kwa sababu jani lenyewe ndilo chakula, liko karibu na udongo, na ukimwagilia kwa keni unalilowesha hadi asubuhi ya kuvuna. Utasema mchicha hupikwa. Ni kweli, moto huua vimelea. Lakini kabla ya sufuria mchicha huo umepita kwenye kisu kilekile kinachokatia kachumbari.

Kwa nyanya, chimba mashimo matatu au weka matenki matatu. Leo moja linajazwa, la pili limetulia, la tatu linatumika. Kesho yanabadilishana zamu. Mayai ya minyoo ni mazito kuliko maji, yakitulia siku nzima huzama. Kazi hiyo huharibiwa na mpira wa pampu unaotupwa hadi chini na kuvuta tope. Funga mdomo wa mpira kwenye dumu tupu la lita 5 lililozibwa vizuri, ili uning'inie chini kidogo ya uso wa maji, usishuke zaidi.

Kisha tumia mipira ya matone, matundu kila sentimita 30, na juu yake tandaza nyasi kavu ili tone lisirushe udongo. Egemeza miche kwenye miti, tunda la chini lisiguse ardhi. Nyanya iliyoanguka usiiuze. Siku 3 au 4 kabla ya kuvuna, mwagilia maji ya bomba au acha kabisa. Jua hupunguza bakteria kila siku. Mayai ya minyoo hayajali jua la siku nne, huishi miezi, ndiyo maana kutuliza maji hakukwepeki.

Unapoyagusa maji hayo vaa mabuti na glavu, na watoto wasicheze mferejini. Usioshee mazao humo. Pia sheria ya mazingira hairuhusu shughuli ya kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, basi pima kwanza shamba lako liko wapi.

SWALI: Nyanya zangu ninazomwagilia maji ya mabwawa zinanenepa majani lakini hazizai. Nimeweka urea kama kawaida.
*Msomaji, Nyamagana*

JIBU: Urea ndiyo iliyozidi. Kama maji yako yana miligramu 20 za naitrojeni kwa lita, na robo eka (karibu mita za mraba 1,000) inakunywa lita 5,000 kwa siku, unamwaga gramu 100 za naitrojeni kila siku. Kwa siku 90 ni kilo 9, sawa na karibu kilo 20 za urea, bila kununua hata gramu. Acha urea. Maua yakianza, changanya maji hayo na ya kisima nusu kwa nusu. Kwenye udongo wa luseni (wa kichanga) mwagilia kidogo asubuhi na kidogo jioni. Ukimimina yote mara moja, mbolea hiyo inapita chini ya mizizi, huenda ikaishia ziwani kulisha magugu maji.

SWALI: Mipira ya matone inaziba kila wiki mbili. Niweke klorini?
*Mkulima, Ilemela*

JIBU: Klorini utaitupa bure, mwani huila kabla haijafika kwenye bakteria. Weka chujio la visahani la mikroni 130 (milimita 0.13), na geji mbili za presha, moja kabla na moja baada yake. Tofauti ikifika 0.5 bar, fungua uoshe. Kila wiki fungua ncha za mipira moja moja, maji yapite kwa nguvu hadi yawe masafi. Ukizifungua zote kwa mpigo presha inakufa na uchafu unabaki.

Tope utakalochota chini ya mashimo usilimwage bustanini: mayai yote yaliyozama yamo humo. Lizike kwenye shimo la migomba, mbali na kisima, ulifukie kwa udongo mkavu.