Farasi Yuko Wapi Kwenye Stempu za Sarakasi?

SWALI: Nimepewa stempu 4 za sarakasi za Marekani za mwaka 1993, senti 29 kila moja: chale, mwongoza onyesho, mwanasarakasi wa bembea na tembo. Je, seti imekamilika? Na kwa nini sarakasi huchezwa kwenye duara?
Mkusanyaji Chipukizi

JIBU: Ndugu Chipukizi, seti imekamilika. Kama bado zimeshikana, tafadhali usizichane! Ila mimi kila nikiitazama seti hiyo namtafuta farasi, simwoni.

Na duara unaloulizia ni lake. Mwaka 1768 Philip Astley, aliyekuwa askari wa kikosi cha farasi, alianza kuonyesha ufundi wake jijini London. Farasi akizunguka kwa mwendo uleule huku ameinamia ndani kidogo, aliyesimama mgongoni hukandamizwa pale alipo, hivyo hadondoki kirahisi. Duara likiwa finyu mno farasi hawezi kukimbia. Likiwa pana mno, msaada ule hupungua. Astley aliishia kwenye kipenyo cha futi 42, karibu mita 13, na kipimo hicho kingali kinatumika. Machale na watembea kamba aliwaingiza baadaye, watazamaji wasichoke kati ya mchezo mmoja wa farasi na mwingine. Bembea ilichelewa zaidi: Jules Léotard aliruka nayo Paris mwaka 1859.

Sasa rudi kwenye stempu zako. Zinaadhimisha miaka 200 tangu John Bill Ricketts aanzishe sarakasi Philadelphia mwaka 1793. Huyo Ricketts alikuwa nani? Mpanda farasi! Rais George Washington, naye hodari wa kupanda, alikwenda kumtazama. Kumwadhimisha mtu kama huyo kwa tembo na kumwacha farasi nje, mimi naona ni utovu wa adabu. Hata stempu ya sarakasi ya Marekani ya 1966, ya senti 5, ilimpa nafasi chale, si farasi.

Ukimtaka farasi, tafuta seti ya Uingereza ya mwaka 2002. Mwaka huo mashirika ya posta ya Ulaya yalitoa stempu za Europa kwa mada moja, sarakasi. Ya Uingereza ina stempu 5, na mwanamke juu ya farasi yuko kwenye ile ya peni 65, yenye thamani kubwa kuliko wenzake. Ukiikuta inauzwa peke yake, inunue. Hao wengine watafuata.