Poti imezimwa, imefungwa au imezuiwa?

Mwalimu mmoja wa kompyuta kutoka Chake Chake kauliza: anasomesha spaning trii (utaratibu wa kuzuia data isizunguke kwa mduara baina ya swichi, yale maboksi yanayounganisha kompyuta) kwa Kiswahili, sasa ile poti, yaani tundu la kuchomekea waya, ambayo swichi yenyewe imeamua isipitishe kitu aseme imezimwa, imefungwa ama imezuiwa? Vijana wake wakisikia "imefungwa" wanadhani poti mbovu, wanachomoa waya.

Mwalimu wangu, sema imezuiwa, tena usiikate njiani, sema "imezuiwa kupitisha data", maana kilichozuiwa ni kule kupitisha tu, poti yenyewe iko macho. Ukiunga swichi tatu kwa mduara ili waya mmoja ukikatika pabaki njia nyengine, fremu, yaani kifurushi cha data, ya kwenda kwa wote itazunguka haina mwisho, kwa sababu fremu ya Etheneti, ule mtandao wa waya wa kawaida, haina kihesabio cha kuiuwa njiani, inazaa nakala juu ya nakala mpaka mtandao wote unakwama. Ndo maana Radia Perlman akabuni spaning trii mwaka 1985, alipokuwa Digital Equipment Corporation huko Marekani. Swichi zinapelekeana ujumbe mdogo kila sekunde 2, zinachagua swichi moja iwe mzizi, halafu ile njia ya ziada inazuiwa. Lakini poti iliyozuiwa inaendelea kuupokea ule ujumbe! Ukiacha kuja, spaning trii ya asili inangoja sekunde 20, inasikiliza 15, inajifunza 15, kisha inaanza kupitisha, wala hakuna mtu aliyeigusa.

Sasa "imezimwa" maana yake yupo aliyeizima, fundi kaandika amri, na haiwaki mpaka aiwashe. "Imezimika" ni umeme au waya, hapana mtendaji. "Imefungwa" nayo inangoja wa kuifungua. Sie watu wa visiwani tunalo neno zuri sana, mlango umeshindikwa, yaani umerudishwa tu bila komeo, na kwa maana linakaribia khasa, ila darasani silipendekezi, mwanafunzi atasikia "imeshindikana" na mtarudi kule kule kwenye poti mbovu. Waonyeshe taa: kwenye swichi nyingi za Cisco taa ya poti iliyozuiwa inawaka rangi ya chungwa, na kitu kinachowaka hakiitwi kimezimwa.

Umeuliza pia kama ile swichi inayochaguliwa kuwa mzizi iitwe "swichi kuu". Mie nasema swichi mzizi. Kuu mtu anafikiria ndo kubwa au mpya kuliko zote, wakati inayoshinda ni yenye kitambulisho kidogo kuliko wenzake, yaani namba ya kipaumbele ikifuatiwa na anwani ya MAC (namba ya kifaa inayotoka nayo kiwandani), na kwa kawaida zote zinatoka kiwandani na kipaumbele 32768, kwa hiyo inaamua anwani ya MAC, na mara nyingi inaangukia swichi kongwe iliyosahauliwa kabatini. Fundi asiyetaka hivo aishushe namba ya kipaumbele ya ile anayoitaka, tuseme 4096.