Chumba kwanza, cherehani baadaye

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwanamke anayetaka kuacha kujiuza asaidiwe nini kwanza? Najua wengi watajibu mtaji. Mimi najibu chumba. Ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Tunduma, na hawa mnaowaulizia ni dada zangu.

Hapa mpakani malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni, na dada wengi wanaishi gesti kwa kulipa kila siku. Hapo ndipo kazini, hapo ndipo nyumbani. Siku akisema basi, siku hiyo hiyo hana pa kulala. Akiwa na mtoto ndiyo kabisa. Akitafuta chumba cha kupanga, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, na dalali anataka yake. Aitoe wapi?

Kuna mmoja alipewa cherehani na mradi baada ya mafunzo. Nilikikuta kwenye korido ya gesti, kimefunikwa khanga, mguu wake umefungwa mnyororo kwenye nondo ya dirisha kisiibwe. Ashonee wapi? Na nani apeleke kitambaa chake pale? Mwishowe alikiuza apate kodi, na wenye mradi wakamwandika kuwa ameshindwa. Iliniuma sana, maana alichofanya kilikuwa na akili kuliko mpango wao.

Nyanda hizi za Juu Kusini zina maambukizi makubwa ya VVU. Utafiti wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima Njombe na 11.1 Iringa, wakati taifa zima ni 4.4. Ndiyo maana miradi huja na kondomu, vipimo na dawa, na inaokoa watu kweli. Ila mtu wa kuhama gesti hadi gesti anakosa hata pa kuweka dawa zake bila kuchunguliwa.

Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati ya hizo ni za wanawake. Lakini mkopo unapitia kikundi, na kikundi hakimpokei mtu asiyejulikana anapokaa.

Basi kodi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, na chumba kiwe mbali na foleni ya malori ya hapa mpakani: Vwawa, Mlowo, hata Mbalizi. Mwelimisha rika, yaani dada mwenzake aliyefunzwa kushauri wenzake, amtembelee kwa miguu kama shoga yake, siyo kwa gari la mradi lenye maandishi mlangoni. Nyumba moja kubwa ya kuwakusanya siitaki kabisa. Haitachukua muda mtaa utaipa jina, na watoto wao watatukanwa nalo shuleni.

Wenye nyumba nao wafuatwe, waombwe kupokea kodi ya mwezi mwezi mradi ukiwa mdhamini. Niliozungumza nao hawakuuliza mpangaji alikuwa anafanya nini zamani. Waliuliza nani atalipa akikwama.