Huyo Ogden alikuwa nani

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Umeniuliza kuhusu Ogden, mwenye jina la barabara unayopita kila siku huko Chicago: alijenga mji au alikuwa dalali wa viwanja tu? Alikuwa vyote viwili, na sidhani kimoja kingekuwepo bila kingine.

William Butler Ogden, mzaliwa wa jimbo la New York, alifika Chicago mwaka 1835 kusimamia ardhi ambayo shemeji yake, Charles Butler, alikuwa ameinunua na wenzake kwa dola 100,000. Akakuta kinamasi. Akamwandikia shemeji kwamba huo ni upumbavu mtupu. Lakini alipouza theluthi moja tu, fedha yote ikarudi, naye akalowea hapo hapo. Mwaka 1837 akawa meya wa kwanza wa mji.

Hapo ndipo penye swali lako. Meya anayepigania barabara na madaraja ndiye mwenye viwanja vitakavyopanda bei. Leo tungempa majina mabaya, na pengine tusingekosea. Ila mwaka ule ule uchumi ulianguka, wadaiwa wakataka mahakama zisimamishwe ili wasibanwe. Ogden, ambaye bei za viwanja zilimporomokea yeye pia, alisimama mkutanoni akawapinga. Hilo nampa.

Kinachonivutia zaidi ni reli ya Galena na Chicago. Matajiri wa mashariki walikataa kuweka mtaji, kwa hiyo yeye na wakili Jonathan Young Scammon wakazunguka vijijini kuwauzia wakulima hisa. Mkulima ambaye gari lake la ngano limenasa topeni mara kadhaa hahitaji kuhubiriwa faida ya reli! Oktoba 1848 garimoshi likaanza safari likivutwa na Pioneer, injini ya mtumba.

Usiku wa 8 Oktoba 1871 alipata pigo maradufu. Nyumba yake iliungua katika moto mkubwa wa Chicago, na usiku huo huo moto mwingine ukateketeza Peshtigo, Wisconsin, kulikokuwa na viwanda vyake vya mbao. Huko walikufa watu zaidi ya 1,000. Alikwenda mwenyewe kusimamia ujenzi upya, akiwa na miaka 66. Alifariki mwaka 1877.

Pioneer ingali katika jumba la makumbusho ya historia hapo hapo Chicago. Kaitazame, kisha uniandikie kama kwako angali dalali tu.

Baba yako