Dakika Kumi za Jioni: Kuipitia Siku Mbele za Mungu

Wengi huanza na nadhiri nzito: saa nzima ya sala alfajiri, sura tano za Biblia, na mfungo juu yake. Siku ya nne usingizi unashinda. Siku ya sita aibu inaingia, na mwenye aibu huikwepa sala kama mdaiwa anavyomkwepa anayemdai.

Anza na dakika kumi za jioni. Asubuhi nayo ni njema, Yesu mwenyewe alitoka alfajiri kwenda kuomba (Marko 1:35), ila jioni hukosi la kusema. Inyasi wa Loyola, padri aliyeanzisha shirika la Wajesuiti katika karne ya 16, aliipanga sala hii ya kuipitia siku kwa hatua tano: kushukuru, kuomba nuru, kuipitia siku, kuomba msamaha, kuazimia. Usiuvuruge mpangilio huo. Ukirukia makosa moja kwa moja, sala inageuka mahakama ambayo mshtakiwa ni wewe na hakimu ni wewe.

Shukrani ichukue dakika mbili, na itaje vitu. "Asante kwa uzima" ni neno la kweli, lakini likirudiwa kila siku mdomo hulisema peke yake. Taja maumivu yaliyopungua mchana, au mtu aliyekusubiri bila kununa. Nuru ni sentensi moja tu; Zaburi 139:23 inatosha: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu."

Kisha pitia siku tangu ulipoamka, saa kwa saa, dakika nne hivi. Usiwinde dhambi tu. Angalia moyo ulichangamka wapi na ulipoa wapi, halafu tua mahali pamoja. Ulimkaripia mtu? Usiishie kwenye "nilikasirika". Uliza ulikuwa unaogopa nini. Mara nyingi chini ya hasira kuna hofu ya kudharauliwa, na hiyo ndiyo ya kumpelekea Mungu.

Msamaha nao uombwe kwa jambo lenye jina. Na kama umemkosea mtu, sala haichukui nafasi ya kumwendea (Mathayo 5:23-24). Azimio liwe dogo, la kesho, lenye mtu na wakati. "Nitakuwa mvumilivu" halishikiki. "Nitamsikiliza fulani hadi amalize" linashikika. Funga kwa Baba Yetu.

Kitandani usijaribu, utalala kwenye hatua ya pili. Kaa kwenye kiti, simu ibaki chumba kingine. Ukikosa jioni moja, usilipe deni kesho yake. Anza na siku iliyopo. Weka daftari, andika mstari mmoja tu pamoja na tarehe, usome yote Jumapili. Jina lilelile likijitokeza mara tatu, umepata la kuombea wiki nzima.

Zikija siku kavu, soma Zaburi ya 13 kwa sauti, polepole. Ina aya sita tu, na inaanza kwa kumlalamikia Mungu waziwazi.

Kuna wasiofaa kuifuata hivi ilivyo: wale ambao dhamiri huwatesa kwa kila kitu, wakatubu jambo lilelile mara kumi. Kwao upitiaji uwe dakika moja, shukrani ichukue dakika tano, na wazungumze na padri au mchungaji anayewafahamu kabla ya kuongeza lolote.